Ukienda Korea Kusini: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Haya nayaandika kwa anayekwenda Seoul kwa mara ya kwanza: mwanafunzi aliyepata ufadhili, mtumishi anayepelekwa kwenye mafunzo ya KOICA, shirika la misaada la Korea, mfanyabiashara anayefuata vipuri, na kijana aliyekesha na tamthilia za Kikorea mpaka akaamini nchi ile anaijua. Kinachowaponza wageni wengi ni hukumu za wiki ya kwanza. Mtu anashuka uwanja wa ndege wa Incheon, anapanda treni, anakuta behewa zima kimya, hakuna anayemsalimu, mmoja anampiga kikumbo na kupita bila hata kugeuka. Kabla hajafungua begi, keshawapigia simu nyumbani kuwaambia kwamba Wakorea wana roho ngumu.

Hapana. Seoul ni mji wa watu zaidi ya milioni 9 waliobanana kati ya milima na mto Han, na heshima ya kwanza mtu anayoweza kumpa mwenzake mahali kama pale ni kutomsumbua. Sisi tumezoea heshima inayosikika: salamu, habari za nyumbani, habari za kazi. Ya kule inaonekana mwilini, kwenye mikono, shingo na macho, na kwenye kujua nani aanze. Kwa hiyo tazama kwanza, uige, ndipo ufungue kinywa.

Jifunze herufi kabla hujaondoka nyumbani. Sikwambii ujue lugha, nakwambia herufi. Hangul ina herufi za msingi 24. Mfalme Sejong aliikamilisha mwaka 1443 na kuitangaza 1446 ili watu wa kawaida, walioshindwa na maandishi ya Kichina, waweze kusoma na kuandika. Baadhi ya wasomi wa ikulu yake waliipinga, lakini hakurudi nyuma. Iliundwa ili ijifunzike haraka, na kweli mtu mzima akitulia nayo siku chache anaanza kusoma vibao. Kituo cha basi, menyu ya mgahawa wa kichochoroni, jina la dawa kwenye duka la dawa, vyote vitaacha kuwa michoro. Tarehe 9 Oktoba Korea Kusini husherehekea Siku ya Hangul, na ni sikukuu ya kitaifa. Ukikaa nchini mwao miezi sita bila kuweza kusoma neno "Seoul" lilivyoandikwa ukutani, usishangae wakikuona mpita njia.

Usitoe wala kupokea kitu kwa mkono mmoja. Fedha, kadi ya benki, kitabu, kikombe, kadi ya biashara: vyote kwa mikono miwili. Kitu kikiwa kidogo, mkono wa kulia ndio unaotoa, na wa kushoto unagusa kiwiko au kifundo cha huo wa kulia. Mtazame mfanyakazi wa dukani anavyokurudishia chenji, nawe fanya hivyo hivyo. Ukipewa kadi ya biashara, isome mbele ya aliyekupa, kisha iweke mezani au kwenye pochi ya kadi. Kuisokomeza kwenye mfuko wa nyuma wa suruali na kuikalia ni kumdharau mwenyewe akikuona.

Inama. Kwa anayekuhudumia dukani, kuinamisha kichwa kidogo kunatosha. Kwa mzee, kwa profesa, kwa mkuu wa ofisi, inama kuanzia kiunoni na usimkodolee macho. Mkubwa akitaka kukupa mkono ataunyoosha mwenyewe, nawe utaupokea kwa yote miwili. Usimkumbatie mtu uliyekutana naye leo. Usimpige mtu mzima begani hata mkichekeshana vipi.

Usimwite mtu mzima kwa jina lake tupu. Msomaji wa Kiswahili hana kisingizio hapa, maana kwetu nani anamwita mama mtu mzima kwa jina alilopewa utotoni? Huwa Mama Asha, Mwalimu, Bi Mkubwa, Mzee. Korea ni hivyo hivyo. Meneja huitwa kwa cheo chake, mwalimu kwa ualimu wake, mwenye mgahawa huitwa bosi, na mama wa mtoto huitwa kwa jina la mtoto wake. Kijana humwita aliyemzidi hata mwaka mmoja kaka au dada mkubwa. Kama hujui cheo cha mtu, uliza kwa upole umwite nani. Na ile tabia ya kuokota neno kwenye tamthilia na kumrushia mwanamume usiyemjua, ukimwita kama msichana anavyomwita mpenzi au kaka yake, iache. Unajiaibisha, na unamweka mwenzio pabaya.

Usikasirike ukiulizwa umri. Utaulizwa mapema, pengine kabla ya kuulizwa kazi yako. Anayeuliza anataka kujua azungumze nawe kwa lugha gani, kwa sababu viambishi vya vitenzi hubadilika kulingana na aliye mkubwa. Jibu kwa mwaka wa kuzaliwa. Zamani mtoto alihesabiwa mwaka mmoja siku aliyozaliwa, na wote waliongeza mwaka tarehe 1 Januari. Tangu tarehe 28 Juni 2023 sheria imetaka umri uhesabiwe kimataifa, lakini wazee wengi bado wanahesabu kwa mtindo wao, na si kazi yako kuwasahihisha.

Mezani, subiri. Hapa ndipo mgeni anapopimwa zaidi. Aliye mkubwa kuliko wote huketi kwanza na kuinua kijiko kwanza. Mpaka afanye hivyo, mikono yako ibaki mapajani hata kama njaa inakutafuna. Wali na mchuzi huliwa kwa kijiko, vitoweo kwa vijiti vya chuma, ambavyo ni vyembamba na vinateleza. Fanya mazoezi nyumbani. Usishike kijiko na vijiti kwa pamoja katika mkono mmoja. Usiinue bakuli la wali hadi mdomoni kama Wajapani wanavyofanya, liache mezani. Usipenge kamasi mezani, hata kama pilipili imekutoa machozi, nenda msalani.

Na usisimamishe vijiti wima ndani ya wali. Wali uliochomekwa hivyo ni wali wa marehemu, kwa kuwa unafanana na udi unaochomekwa na kuwashwa mbele ya wafu wakati wa ibada za mababu. Nilikuwa meza moja na kijana wa kwetu aliyefanya hivyo bila kujua, kwenye mgahawa mdogo wa supu. Hakuna aliyesema neno. Mama mwenye mgahawa alikuja na mkasi wake wa kukatia kimchi, mboga zao za kuchachushwa, akaisogeza sahani, na alipokuwa akisogeza akavitoa vile vijiti akavilaza juu ya kishikio chake, kisha akaendelea kukata kimchi vipande vidogo kana kwamba alikuja kwa hilo tu. Kijana mpaka anaondoka hakujua kilichotokea. Ndiyo maana nasema tazama: kule mara nyingi hutaambiwa ulipokosea.

Vijisahani vinavyozunguka chakula kikuu, kimchi, mchicha uliotiwa ufuta, machipukizi ya maharage, dagaa wa kukaanga, havilipiwi, na vikiisha unaruhusiwa kuomba tena. Kwa hiyo usivijaze mezani halafu uviache. Utayarishaji wa kimchi wa pamoja, kazi inayokusanya ndugu na majirani kabla ya baridi kali, uliingizwa na UNESCO mwaka 2013 kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Aliyekupa kimchi ya nyumbani kwake amekupa jasho la familia nzima. Hata kama harufu imekushinda, onja.

Ukikosa kijiko mbele yako, vuta droo iliyo ubavuni mwa meza. Ukimhitaji mhudumu, bonyeza kengele ya mezani; kama haipo, mwite kwa sauti ya kawaida. Kulipa ni kaunta, wakati wa kutoka. Usiache bakshishi. Mhudumu atakukimbilia barabarani akidhani umesahau fedha zako.

Usijimiminie kinywaji mwenyewe. Mmiminie mwenzako, naye atakumiminia. Akiwa mkubwa wako, shika chupa kwa mikono miwili, na unapokunywa geuza uso pembeni usimwelekee. Kama hunywi, sema mapema, mara moja, kwa utulivu, na taja sababu: dini, dawa, afya. Siku hizi wengi wanaelewa. Kisha shika glasi ya maji au soda ugonge nao, maana kukaa kando umekunja mikono kunawaumiza zaidi kuliko kutokunywa.

Muislamu, usidhani supu ni salama kwa kuwa nyama haionekani. Nguruwe kule ni nyama ya kila siku, na mifupa na mafuta yake huingia kwenye michuzi mingi. Hata kwenye kimchi ya kupika hutiwa vipande. Uliza kabla ya kuagiza. Msikiti Mkuu wa Seoul uko Itaewon, ulifunguliwa mwaka 1976, na vichochoro vinavyouzunguka vina migahawa na maduka ya halali. Nenda huko siku ya kwanza, ujue njia, ndipo uhangaike na mengine.

Usizungumze na simu kwa sauti ndani ya treni. Usifungulie spika. Usicheze video bila visikizi. Viti vya pembeni mwishoni mwa behewa ni vya wazee, wagonjwa na walemavu. Vya rangi ya waridi ni vya wajawazito. Vikiwa vitupu, viache vitupu. Utawaona wanafunzi waliochoka, mabegi mgongoni, wamesimama mbele ya kiti kisicho na mtu kwa vituo kumi. Usiwe wewe wa kukikalia eti kwa kuwa hakuna mzee karibu. Simama kwenye mstari uliochorwa sakafuni, waache wanaoshuka washuke. Tangu 2018 mabasi ya Seoul hayaruhusu abiria kupanda na kikombe cha kahawa, na dereva ana haki ya kukukatalia. Na kile kikumbo nilichokitaja mwanzoni, kipuuze. Katika msongamano ule mguso wa bega haubebi ujumbe wowote, na ukisimama kudai uombwe radhi utazuia watu mia nyuma yako.

Vua viatu. Nyumbani, kwenye nyumba za wageni za kienyeji, hekaluni, kwenye migahawa ya kukaa chini. Sakafu ya Mkorea ndiyo kiti chake na mara nyingi kitanda chake. Zamani moshi wa moto wa jikoni ulipitishwa chini ya mawe ya sakafu ili kuipasha joto, na leo yanapitishwa mabomba ya maji moto. Kuikanyaga na kiatu ni sawa na kupanda nacho kitandani. Vaa soksi safi, zisizo na tundu. Chooni kuna kandambili zake. Zivae mle ndani na uziache mle ndani.

Usiingie kwenye bafu la umma kama huwezi kuvua nguo zote. Nasema wazi kwa sababu wengi wetu, hasa wa pwani, hatukulelewa hivyo. Wanaume upande wao, wanawake wao, na hakuna nguo ya kuogelea. Kabla hujatumbukia kwenye birika la maji moto unakaa kwenye kigoda kidogo, unajisugua kwa sabuni toka kichwani hadi nyayo, unajisuuza, unafunga nywele. Anayeingia majini na uchafu wake anachafua maji ya watu hamsini, na bibi wa Kikorea aliye pembeni hatakuonea haya kukufokea. Usikodoe macho. Simu iache kwenye kabati. Kama dini au aibu haikuruhusu, usiingie, na wala hakuna wa kukulaumu. Ukumbi wa pamoja, wenye vyumba vya joto, mayai ya kuchemsha na watu waliolala sakafuni, hukaliwa kwa fulana na kaptula unazopewa mlangoni. Huko unaweza kukaa hadi asubuhi.

Usimpige mtu picha bila idhini yake. Korea imeteswa sana na uhalifu wa kamera za siri zilizofichwa vyooni na vyumba vya kubadilishia nguo, na wanawake waliandamana kwa maelfu mwaka 2018 kuupinga. Ndiyo sababu simu zinazouzwa kule hutoa mlio kila zinapopiga picha. Ukielekeza simu yako kwa msichana kwenye ngazi za treni, hata kama ulitaka mandhari, polisi wanaweza kuitwa, na wakifika hawatacheka nawe.

Mtaa wa Bukchon wa nyumba za kale, unaoonekana kwenye kila tangazo la utalii, ni makazi ya watu. Wakazi walichoshwa na wageni waliochungulia madirishani na kukokota masanduku alfajiri, wengine wakahama. Sasa sehemu yenye msongamano zaidi inafungwa kwa watalii kuanzia saa 11 jioni hadi saa 4 asubuhi, na tangu Machi 2025 anayekiuka anatozwa faini ya won 100,000. Ongea kwa kunong'ona hata mchana. Ukitaka kupiga picha kwa raha, kodi hanbok, vazi lao la jadi, uende kasri la Gyeongbokgung, lililojengwa 1395. Aliyevaa hanbok anaingia bure.

Usimwage hasira zako mtandaoni. Mgeni aliyedhulumiwa na mwenye nyumba hukimbilia kuandika jina lake na kuweka picha yake. Sheria ya Korea inaweza kumwadhibu mtu kwa kuchafua jina la mwingine hata kama alichoandika ni kweli, isipokuwa ilikuwa kwa manufaa ya umma. Piga 1345, simu ya msaada kwa wageni wanaoishi nchini. Mtalii apige 1330. Polisi ni 112, gari la wagonjwa na zimamoto ni 119.

Bangi, usiiguse. Wala peremende zake, wala mafuta yake, wala kisingizio kwamba ulikotoka inaruhusiwa. Mkorea mwenyewe anashtakiwa kwa kuivuta akiwa nje, hata katika nchi zinazoiruhusu. Wewe utafungwa, kisha utafukuzwa nchini.

Usifanye mzaha na historia yao. Japani iliitawala Korea kuanzia 1910 hadi 1945. Mwisho wa utawala huo watu walishinikizwa kuchukua majina ya Kijapani, shule zikaacha kufundisha Kikorea, na wanawake na wasichana wakapelekwa kutumiwa na askari. Waliosalia wa wanawake hao na wanaowaunga mkono wamekuwa wakikusanyika kila Jumatano karibu na ubalozi wa Japani mjini Seoul tangu 1992, na sanamu ya msichana aliyeketi iliyowekwa pale mwaka 2011 ni ya kuheshimiwa kama kaburi. Usiipakate, usiivalishe kofia, usicheke nayo. Fulana yenye jua la miale myekundu, bendera ya jeshi la Japani la wakati ule, iache nyumbani.

Vita vya Kaskazini na Kusini vya 1950 hadi 1953 vilisimama kwa makubaliano ya kusitisha mapigano. Mkataba wa amani haujawahi kusainiwa. Eneo la mpaka lenye upana wa takribani kilomita 4 limeikata rasi nzima, na pande zote mbili zilibaki na ndugu ambao hawakuonana tena. Kwa hiyo yale maswali ya kuchekesha kuhusu Kaskazini, na kule kuuliza "wewe ni wa Kaskazini au wa Kusini?", yana kidonda ndani yake. Ukimkuta kijana amekatiza masomo, fahamu kwamba wanaume wote wenye afya hulitumikia jeshi, nchi kavu ikiwa ni miezi 18.

Nenda Seodaemun, gereza la 1908 walimofungiwa wapigania uhuru, sasa ni makumbusho. Nenda Gwangju, ambako Mei 1980 askari waliwafyatulia risasi raia waliodai demokrasia. Han Kang, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2024, alizaliwa mji huo na ameandika riwaya juu ya mauaji hayo. Na Mwafrika afike Chuncheon. Ethiopia ilipeleka kikosi cha Kagnew kupigana upande wa Kusini, zaidi ya askari 3,000, na ukumbusho wao uko pale. Wazee wa Kikorea hawajawasahau. Inauma kwamba sisi wengi tunapita Seoul bila kujua kwamba damu ya jirani zetu ilimwagika katika milima ile.

Usivumilie udhalilishaji kwa jina la utamaduni. Kutazamwa utatazamwa, hasa mbali na Seoul, na mtoto anaweza kukuonyesha kidole. Bibi anaweza kuzigusa nywele zako kwa mshangao. Rudi hatua moja nyuma, tabasamu, tikisa kichwa, inatosha. Lakini kuna baa zinazowazuia wageni mlangoni, na waajiri wanaochagua kwa rangi. Hilo lina jina lake, nalo ni ubaguzi. Muswada wa sheria pana ya kupinga ubaguzi umekuwa ukikwama bungeni tangu 2007, na Wakorea wenyewe wanaupigania. Tunza ushahidi, peleka malalamiko Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, na tafuta wenzako. Usiwahukumu watu wote milioni 51 kwa ajili ya mlango mmoja.

Taka zako ni zako. Mapipa barabarani ni machache. Tangu 1995 kila kaya hununua mifuko maalumu ya taka, kwa hiyo anayetupa zaidi analipa zaidi. Mabaki ya chakula yanatengwa na hayaruhusiwi kuzikwa dampo tangu 2005. Beba chupa yako mpaka ulikofikia, na mwenye nyumba akikuonyesha ndoo tano, jifunze zote tano.

Usiandike jina la mtu kwa wino mwekundu. Ni la aliyekufa. Usishangae pia lifti ikiwa na herufi F mahali pa 4. Namba hiyo inakumbusha kifo.

Toka Seoul. Aliyekaa wiki nzima Myeongdong akinunua vipodozi hana la kutusimulia kuhusu Korea. Panda treni ya kasi ya KTX hadi Busan, saa mbili na nusu hivi. Fika Gyeongju, mji mkuu wa ufalme wa kale wa Silla kwa karibu miaka 1,000, ambako makaburi ya wafalme ni vilima vya majani mabichi katikati ya mji. Fika Haeinsa, hekalu linalotunza mbao zaidi ya 80,000 zilizochongwa maandiko ya Kibudha katika karne ya 13, wakati Wamongolia wakiishambulia nchi. Mahekalu mengi hupokea wageni wa kulala. Utaamshwa kabla ya alfajiri, utakula bila kuzungumza, na mwisho utasuuza bakuli lako kwa maji na kipande cha figili ya kimchi, kisha utayanywa maji hayo. Chukua kiasi unachoweza kumaliza, maana punje ya wali haibaki.

Safari hiyo usiipange wakati wa Seollal au Chuseok, sikukuu zinazofuata mwezi, ambapo nchi nzima inarudi kwao. Tiketi za treni huuzwa wiki kadhaa kabla na huisha siku ileile, na migahawa mingi hufungwa. Ukialikwa nyumbani kwa mtu siku hizo, nenda, ubebe kasha la matunda mazuri, ulitoe kwa mikono miwili, na ukae pale utakapoonyeshwa.